Utafiti wa Fiziolojia kwa Wanafunzi wa Shahada ya Kwanza: Maswali ya Wasomaji

Nasoma sayansi ya tiba mwaka wa pili, na likizo huwa nyumbani Ngamiani, Tanga. Je, ni lazima nibaki Dar es Salaam ili nipate nafasi ya utafiti?

Si lazima, mwanangu. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) ina kituo Tanga mjini na kingine, cha Amani, wilayani Muheza. Majaribio ya awamu ya tatu ya chanjo ya malaria ya RTS,S, yaliyoanza mwaka 2009 na kuhusisha watoto zaidi ya 15,000 katika vituo 11 vya nchi 7 za Afrika, yalifanyika Korogwe na Bagamoyo pia, na chanjo hiyo ndiyo iliyopendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2021. Inanisikitisha kuona kijana wa Tanga akiamini kwamba utafiti ni jambo la mbali. Mwombe mhadhiri wako barua ya utambulisho, kisha umwandikie mkuu wa kituo walau muhula mmoja kabla ya likizo.

Alama zangu ni za wastani. Niandike nini kwenye barua ya maombi? (Magomeni, Bagamoyo)

Barua nyingi husema tu kwamba mwombaji anaupenda sana utafiti, maneno ambayo hayamsaidii msimamizi kuamua lolote. Andika unachoweza kukifanya kwa mikono yako. Ikiwa umefundishwa kuandaa slaidi ya tone nene la damu, kuitia rangi ya Giemsa na kuhesabu vimelea vya malaria kwenye hadubini hadi utimize chembe nyeupe 200, basi sema hivyo, na ueleze kwa nini vimelea 50 katika hesabu hiyo huandikwa kuwa takriban 2,000 kwa kila mikrolita ya damu: tunachukulia kwamba mikrolita moja ina chembe nyeupe 8,000. Kisha uliza swali ambalo wengi hulipita, yaani hesabu hiyo inapotoka kwa kiasi gani kwa mgonjwa ambaye chembe zake nyeupe zimepungua au zimeongezeka kuliko kadirio hilo. Kwangu mimi, anayeuliza hivyo ameshaanza kufanya utafiti, hata kama alama zake ni za wastani.

Nimepata nafasi ya maabara isiyo na posho. Niikubali?

Ikubali ikiwa nauli na chakula unavimudu na kuna mtu aliyetajwa kwa jina kuwa msimamizi wako. Hata hivyo, usiguse damu ya mtu kabla hujapata chanjo ya homa ya ini aina ya B.

Je, programu za majira ya joto za Marekani zinatupokea?

Soma masharti kwanza. Zile za REU, yaani nafasi za utafiti kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza, zinazogharimiwa na Mfuko wa Taifa wa Sayansi wa nchi hiyo, hulipia raia wake na wakazi wake wa kudumu tu.

Nataka kuwapima presha wavuvi wa Bagamoyo kwa ajili ya mradi wangu wa mwaka wa mwisho. Kifaa ninacho. Naweza kuanza?

Bado. Pendekezo lako lipitishwe kwanza na kamati ya maadili ya utafiti, uongozi wa mtaa ujulishwe, na kila mvuvi aridhie baada ya kuelezwa kwa lugha anayoielewa kwamba anaweza kukataa bila kudhurika. Upimaji wenyewe unadai subira: mtu aliyetoka kuvuta nyavu sasa hivi hana presha ya mapumziko, kwa hiyo mketishe dakika 5, mgongo ukiwa umeegemea na mkono ukiwa usawa wa moyo, tena kwa mkanda unaolingana na unene wa mkono wake. Jambo ninalolihofia zaidi ni mvuvi atakayekutwa na 180 kwa 110 akiwa hajui kuwa anaumwa. Huwezi kuiandika namba hiyo daftarini ukamwacha arudi baharini. Taja kwenye pendekezo kituo cha afya utakakompeleka, na hakikisha mganga mfawidhi wa kituo hicho amekubali kumpokea kabla hujampima mtu wa kwanza.