Barua kwa Mwanangu: Rangi Niliyokuwa Nikiing'oa

Kisumu

Mwanangu Atieno,

Umesema wageni wako huko Nakuru husimama mbele ya ule mchoro wa sebuleni, wakakuuliza ni nini, nawe hujui la kuwajibu. Unataka nikwambie nilichora nini hasa.

Unaikumbuka karakana ya Kibuye? Ukitoka shule ulikuwa ukikaa kwenye lile gogo kunitazama nikifua shaba. Shaba ukiigonga sana hushupaa, na ukizidi kuilazimisha inapasuka. Basi unairudisha motoni mpaka iive, unaichovya majini, inakuwa laini tena. Lakini kabla haijaiva hupitia rangi: machungwa, damu ya mzee, zambarau, halafu buluu moja ya ghafla, ukipepesa macho umeikosa. Hakuna aliyeipaka. Ni utando wa oksidi unaonenepa kidogo kidogo, mwanga ukicheza ndani yake.

Miaka 22 niliziona rangi hizo, na kila mara nilizitia kwenye tindikali kuzing'oa. Mteja alitaka bangili ing'ae. Simlaumu, pesa yake ndiyo iliyokulipia karo.

Macho yalipoanza kukataa kazi ndogondogo, nikanunua turubai. Sikutaka kuchora bangili wala mkono wa kuivaa. Nilitaka ile buluu. Ndiyo maana napaka rangi nyembamba, naiacha ikauke, naisugua kwa msasa ule ule niliolainishia pete, kisha napaka tena. Huo wako una tabaka 13. Na ile kona nyeusi, ambayo mume wako alidhani imemwagikiwa kitu (nilimsikia!), ni pale moto ulipozidi.

Umeuliza pia kama najutia miaka ya usonara. Hata kidogo. Albrecht Dürer wa Nuremberg, aliyezaliwa 1471, alianza kwa kufunzwa kazi na baba yake sonara, na baadaye akachonga picha zake kwenye mabamba ya shaba. Mimi sijilinganishi naye, lakini shaba naijua.

Mgeni akisema anaona ziwa likiingiwa na machweo pale Dunga, mwache aone. Ila huo ukuta unapigwa na jua la saa tisa; uhamishie ule wa pili. Na zile koleo zangu ndogo usimpe mtu, nitazifuata Desemba.

Mama