Jibu: Kikapu kinaongeza mstari mpya badala ya kubadilisha idadi

Mkuu, umeuliza kwa nini mteja akibadilisha idadi ya bidhaa kwenye kikapu cha duka la mtandaoni, jedwali la hifadhidata linapata mstari mwingine badala ya kurekebisha ule wa mwanzo. Ni kwa sababu msimbo wako unaita INSERT (amri ya SQL, lugha ya hifadhidata, ya kuongeza mstari mpya) kila kitufe kinapobonyezwa. Tumia hii, inayorekebisha mstari uliopo:

UPDATE kikapu_bidhaa SET idadi = ? WHERE kikapu_id = ? AND bidhaa_id = ?

Ukisahau WHERE, yaani sehemu inayochagua mistari ya kubadilisha, vikapu vya wateja wote vinabadilika kwa mpigo, na hapo omba uwe na nakala rudufu. Alama za kuuliza ziache hivyo hivyo, thamani uzipitishe kando. Ukiziunganisha ndani ya sentensi ya SQL, mjanja atakuandikia amri zake kwenye kisanduku cha idadi. Kikapu_id kichukue kwenye sesheni (taarifa za mteja zinazotunzwa na seva), si kwenye fomu, maana fomu mtu anaichezea atakavyo. Bei nayo vivyo hivyo, isome kwenye jedwali la bidhaa.

Idadi ikifika 0, futa mstari.

Halafu safisha mistari iliyojirudia, kisha uweke UNIQUE (sharti la kuzuia kurudia) kwenye kikapu_id na bidhaa_id kwa pamoja. Baada ya hapo, kama hifadhidata yako ni MySQL, INSERT yenye ON DUPLICATE KEY UPDATE itakumalizia kazi kwa amri moja: inaongeza mstari, au ukiwepo tayari inaurekebisha. Kwa PostgreSQL ni ON CONFLICT.