Masufuria ya Mathare Yalinifunza Uongozi

Bwana asifiwe wapendwa. Wiki iliyopita dada mmoja ameniandikia, amechaguliwa mwenyekiti wa vijana kanisani kwao Kayole na anauliza afanye nini ndio vijana wamheshimu. Nilisoma hiyo meseji mara tatu nikanyamaza, juu hilo swali mimi nililiuliza 2022 na nikalijibu vibaya.

Nilichaguliwa kanisani kwetu Umoja tukiwa vijana 31. Nikaanza na sheria. Ukichelewa mazoezi ya kwaya faini shilingi 50, usipojibu kwa grupu ya WhatsApp naweka jina lako pale kila mtu aone, siku ya kesha nakaa mbele karibu na pasta na daftari nikihesabu nani amekuja. Viti vinapangwa na wengine, chai inapikwa na wengine. Niliamini kabisa kazi ya kiongozi ni kusimamia. Kufikia Disemba tulibaki 9, nikashika maiki nikaomba Mungu awashughulikie walioasi. Walioasi! Kuna msichana alikuwa anatoka kazi Industrial Area jioni, Jogoo Road imejaa magari, anafika amechelewa dakika ishirini na mimi namdai hiyo 50 ambayo ndiyo nauli yake ya kurudi nyumbani. Aliacha kuja. Nimeshamwomba msamaha lakini bado inaniuma.

Sasa mwisho wa Aprili 2024 Mto Mathare ukafurika, nyumba zikaenda na maji, watu wakapoteza wapendwa wao. Tukaenda kusaidia mahali akina mama walikuwa wanapika, mimi na vijana saba. Nimevaa tisheti ya kanisa, nikaanza kupanga watu laini. Mama mmoja aliyekuwa anakoroga githeri akaniangalia akasema, "Kijana wangu, wasimamizi hapa wametosha. Hizo masufuria nani ataosha?"

Nikaosha. Yale makubwa ya harusi, maharagwe yameungua yakashika chini, majivu na waya, kutoka saa nne asubuhi hadi giza. Sikuita mtu. Kwenye saa saba kijana mmoja akachuchumaa kando yangu bila kusema kitu, akaja wa pili, jioni wote saba walikuwa pale na tulikuwa tunaongea, kuongea kwa kweli, ndipo mmoja akaniambia babake alisimamishwa kazi Januari. Miezi hiyo yote mimi nilikuwa namwandikia faini.

Nilienda nyumbani nikafungua Yohana 13 nikalia. Kuosha miguu ilikuwa kazi ya mtumwa. Na Luka anasema usiku huohuo wanafunzi walikuwa wanabishana nani mkubwa kati yao! Yesu hakuweka faini, alijifunga kitambaa kiunoni akamimina maji. Yuda bado alikuwa mezani, miguu yake pia ikaoshwa. Mpendwa, wewe ni nani ndio ushindwe kumpikia chai mtu aliyekusengenya? Tena soma 1 Wafalme 12, wazee walimwambia Rehoboamu akiwa mtumishi wa watu leo watamtumikia siku zote, akakataa, akataka kuonekana mkali kuliko babake, makabila kumi yakaondoka. Mimi waliniondokea 22.

Kwa hivyo dada, fika kabla yao. Panga viti. Jua nani hana nauli kabla hujauliza kwa nini hakuja, na ukimkosa Jumapili mbili mfuate kwake, usimwandikie kwa grupu. Halafu fika kabla yao, narudia, panga viti, hata siku hakuna mtu anakuona.

Na usidhani utashukuriwa. Uchaguzi uliofuata walichagua mwingine, baada ya yote hayo, na siwezi kusema haikuniuma. Huyo mwenyekiti mpya nampenda na namwombea. Ibada ya kwanza kwetu ni saa moja, na saa kumi na mbili asubuhi ya Jumapili hii mimi niko pale na ufunguo wa stoo ya viti.