Kulungu na lori la kokoto

Swali: Shangazi, naendesha lori la kokoto huku Wyoming, Marekani. Januari kulungu wananitazama tu, hawakimbii. Kwa nini basi tunazuiwa kuchimba majira ya baridi?

Jibu: Mwanangu, kutokimbia si kuzoea. Wameshuka bondeni kwa sababu milimani malisho yamefukiwa na theluji. Huko bondeni wanaguguna vichaka na kuishi kwa mafuta waliyoweka mwilini tangu kiangazi, na majike wana mimba. Ukiwatimua, wanahangaika thelujini na akiba inakwisha kabla ya Aprili. Ndiyo maana maeneo mengi ya ardhi ya umma hufungwa kuanzia 15 Novemba hadi 30 Aprili. Na vichaka mlivyong'oa huchukua miongo kurudi. Ukiwakuta barabarani, usipige honi. Subiri wapite.