Maziwa Yaliyokataa Kuganda

Juma lililopita dada mmoja wa Likoni aliniandikia akiuliza iwapo dawa anazotibiwa ng'ombe humfikia mtu kupitia maziwa, na kama humfikia, humfanyia nini tumboni. Swali hilo lilinigusa kidonda ambacho hakijapona.

Nimeuza mtindi hapa Kisauni kwa miaka tisa, na mwezi wa Ramadhani ndio unaonilipia kodi ya nyumba. Ramadhani ya mwaka juzi, siku mbili mfululizo, nilifunua sufuria alfajiri nikakuta maziwa ni majimaji vilevile nilivyoyaacha usiku, hayana hata harufu ya uchachu, yanatiririka kwenye upawa. Nililaumu mtindi wa kugandishia, nikaubadilisha. Nililaumu sufuria, nikaisugua mpaka vidole vikachubuka. Siku ya tatu niligawa mtindi uleule wa kugandishia mafungu mawili, moja nikalitia katika maziwa ya jirani, la pili katika ya muuzaji wangu. Ya jirani yaliganda, yakakatika kwa kijiko. Yale mengine hayakubadilika. Nilipombana mwenye ng'ombe, alikiri kwamba ng'ombe wake alivimba kiwele, akatiwa tyubu ya penisilini kwenye chuchu, na maziwa hayakumwagwa hata siku moja. Wateja wangu walifuturu bila mtindi, na wapo ambao hawajarudi mpaka leo. Nimemsamehe kwa mdomo, lakini moyoni bado.

Kinachogandisha mtindi ni bakteria, nao penisilini huwadhuru hata ikiwa kidogo mno. Kiwango cha juu cha penisilini kinachokubaliwa kimataifa ni mikrogramu 4 tu (mikrogramu ni sehemu moja ya milioni ya gramu) katika kilo moja ya maziwa, na kuchemsha huipunguza kidogo sana. Utumboni mwetu nako wanaishi matrilioni ya bakteria, ambao huvunja nyuzinyuzi za kunde na mchicha tusizoweza kuzisaga wenyewe, wakatoa asidi zinazolisha ukuta wa utumbo mpana. Dawa kidogo inayorudiwarudiwa, isiyotosha kuwaua wote, inaweza kuwapunguza walio dhaifu na kuwaachia nafasi wenye usugu, yaani wasiouawa tena na dawa. Mwaka 1998, kamati ya pamoja ya wataalamu wa FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, na WHO, shirika la afya duniani, ilipoweka kiasi cha tetrasaiklini, dawa nyingine ya bakteria, ambacho mtu anaweza kula kila siku maisha yake yote, yaani mikrogramu 30 kwa kila kilo ya uzito wake, iliegemea hali ya bakteria wa utumbo wa watu waliojitolea, ambao miligramu 2 kwa siku hazikuwaletea badiliko.

Kwa hiyo, dada yangu, maziwa ambayo dawa iliyomo haifikii kiwango hicho cha juu yasikunyime usingizi. Ogopa yale yanayouzwa kabla ya kwisha siku za kungojea zilizoandikwa kwenye pakiti ya dawa. Muulize anayekuuzia ng'ombe alitibiwa lini, na kesho umuulize tena. Mwenye kuku wa mayai naye umuulize hivyohivyo. Nawe mfugaji, mwaga maziwa hayo, hata yakikuuma, kwa sababu anayeyanywa ni mtoto wa mwenzio.

Siku hizi maziwa ya kila debe huyachemsha, nikatenga kikombe kimoja na kukigandisha peke yake, huku debe likingoja kwenye friji. Najua zipo dawa ambazo kikombe hakiwezi kuzifichua. Hata hivyo, debe ambalo kikombe chake hakijashika asubuhi hulirudisha kwa mwenyewe, bila kujali ni Ramadhani au si Ramadhani.