Sayyid Khalid baada ya mizinga kunyamaza

SWALI: Mhariri, tulifundishwa shuleni kwamba vita vya Unguja vya mwaka 1896 vilikwisha kabla ya saa moja kutimia. Je, Sayyid Khalid bin Barghash alinusurika vipi, na maisha yake yaliishia wapi?
Msomaji, Tanga

JIBU: Ndugu msomaji, ni kweli kwamba mizinga ilinguruma kwa muda mfupi mno, kati ya dakika 38 na 45 kwa hesabu zinazotajwa, lakini chanzo cha ugomvi kilikuwapo tangu mwaka 1890, Zanzibar ilipowekwa chini ya ulinzi wa Uingereza na sultani mpya akawa hawezi kutawazwa bila ridhaa ya Waingereza. Sayyid Hamad bin Thuwaini alipofariki tarehe 25 Agosti 1896, Khalid aliingia kasri bila kuingoja ridhaa hiyo, na naamini alikiona kiti kile kuwa haki yake, kwa kuwa baba yake, Sayyid Barghash, alikikalia tangu 1870 hadi 1888.

Alipewa hadi saa tatu asubuhi ya tarehe 27 ateremshe bendera na kuondoka, naye akakataa. Manowari za Admeri Rawson zikaanza kupiga, meli ya kifalme Glasgow ikazamishwa, na watu wapatao 500 wa upande wa kasri wakauawa au kujeruhiwa, ilhali kwa Waingereza aliumia baharia mmoja. Inanisikitisha kwamba idadi hiyo hutajwa mara chache kuliko zile dakika. Siku hiyohiyo alitawazwa Sayyid Hamoud bin Mohammed.

Khalid alikimbilia ubalozi mdogo wa Ujerumani. Wajerumani walikataa kumtoa, na Waingereza wakaweka ulinzi nje, wakijua kwamba wangemkamata mara tu atakapokanyaga ardhi ya Unguja. Hakuikanyaga. Tarehe 2 Oktoba, maji yalipojaa, mashua ya manowari ya Kijerumani Seeadler ilisogea hadi kwenye lango la bustani ya ubalozi, naye akaingia humo moja kwa moja, akavushwa hadi Dar es Salaam.

Aliishi huko chini ya hifadhi ya Wajerumani kwa takriban miaka 20, mpaka Waingereza walipomkamata wakati wa Vita Kuu vya Kwanza na kumpeleka uhamishoni katika visiwa vya Saint Helena na Shelisheli. Baadaye waliruhusu arejee Afrika Mashariki, na alifariki Mombasa mwaka 1927.