Barua kwa mwanangu anayekaribia kustaafu: anza na bustani

Mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Unasema umebakiza miezi mitatu kazini na kinachokutia hofu si pensheni, ni saa: utaamka asubuhi na hakuna mtu anayekusubiri mahali. Ukauliza, kati ya kazi za mikono, vitabu na bustani, uanze na kipi, nawe huna shamba ila kibaraza.

Anza na bustani, kwa sababu moja. Kitabu ukikifunga leo utakikuta pale pale mwezi ujao, na uzi hauharibiki ukilala kapuni. Mche ulio ndani ya chungu ukikosa maji siku mbili za jua kali, umekwenda. Kwa hiyo bustani ndiyo itakayokuamsha. Vitabu na kazi za mikono vitaingia vyenyewe kwenye mapengo inayoyaacha, nayo ni mengi, maana ukishamwagilia asubuhi kazi iliyobaki ni ya mmea, si yako.

Ila anza na vyungu vitatu. Wengi wakipata muda ghafla hujaza kibaraza kwa wiki moja, na wiki ya sita wanakimbizana na ndoo za maji kama vibarua. Panda nanaa, mrehani na nyanya. Nanaa ni vigumu kuiua, hivyo itakutia moyo. Mrehani utakufundisha kukata. Nyanya itakufundisha maji, na hilo ndilo somo gumu.

Nanaa na mrehani vinatosheka na vyungu vyenye upana wa sentimita 20. Nyanya inataka chombo cha lita 20 au zaidi. Ndoo kuukuu inafaa kabisa ukiitoboa chini matundu matano au sita yenye upana wa kidole. Usitandaze kokoto chini ukidhani maji yatatoka haraka. Maji hayapendi kutoka kwenye udongo laini kuingia kwenye mawe mpaka udongo ulio juu yake ulowe kabisa, kwa hiyo kokoto zinapandisha tope karibu zaidi na mizizi. Funika tundu kwa kipande cha wavu ili udongo usimwagike, basi. Na weka ndoo mahali pake kabla ya kuijaza, maana ikishajaa udongo uliolowa hutaiinua bila kuuumiza mgongo.

Udongo wa shambani peke yake hujibana ndani ya chungu na kuwa kama tofali. Changanya sehemu mbili za udongo, moja ya mboji iliyoiva na moja ya mchanga wa chembe kubwa. Mchanga wa baharini hapana, una chumvi. Ukinunua udongo wa mfukoni, fungua mfuko ukiwa nje, uso ukiwa mbali, kisha ulowanishe kidogo kabla ya kuukoroga. Vumbi lake linaweza kubeba bakteria wa kuumiza mapafu, na umri wetu hauna mzaha na mapafu. Vaa glavu, na muulize daktari kama chanjo yako ya pepopunda imepita miaka kumi.

Mbegu za nyanya zifukie kama nusu sentimita, si zaidi. Kukiwa na joto la nyuzi 20 hadi 27 zitachomoza baada ya siku tano hadi kumi. Hapa ndipo wanaoanza wanapopoteza miche yao yote kwa usiku mmoja: shina linanywea pale linapogusana na udongo, mche unalala chini kana kwamba umekatwa kwa uzi. Hicho ni kinyausi, ugonjwa wa ukungu unaopenda udongo uliolowa kupita kiasi, mbegu zilizosongamana na hewa isiyotembea. Mche ulioanguka hauponi. Kinga yake ni kuosha vyombo kwa sabuni, kusia mbegu kwa kuachanisha, na kumwagilia kutoka chini: weka chombo kwenye sinia la maji kwa dakika 15, udongo ujinyonyee, kisha kitoe. Miche ikiwa na majani mawili ya kweli, yale yanayofuata baada ya majani mawili ya kwanza ya mbegu, ihamishe. Ishike kwa jani, kamwe si kwa shina. Jani likikatika litaota jingine, shina likipondeka ndio mwisho. Unapopandikiza nyanya, lifukie shina mpaka karibu na majani ya chini, kwa sababu sehemu iliyofukiwa inaota mizizi.

Sasa maji. Usimwagilie kwa ratiba, mwagilia kwa kidole. Kichomeke udongoni mpaka fundo la pili. Kama ncha inahisi unyevu, ondoka. Kama ni pakavu, mimina taratibu mpaka maji yatoke chini. Kunyunyizia kidogo kidogo kila siku kunalowesha juu tu, na mizizi inabaki juu kuyafuata. Ukiona maji yanapita pembeni ya chungu na kutoka chini papo hapo, usifurahi: udongo umekauka mpaka unakataa maji. Zamisha chungu chote kwenye beseni kwa nusu saa, mpaka mapovu yaishe. Nyanya ikiwekewa maji leo mengi, kesho hakuna, tunda linapata baka jeusi lililobonyea kitakoni. Watu hukimbilia dawa ya wadudu, kumbe hakuna mdudu: kalisi, madini ambayo tunda linayahitaji, inasafiri na maji, na maji yakikatika haifiki kwenye ncha ya tunda. Matunda yenye baka yachume, sawazisha maji, yatakayofuata yatakuwa mazima. Matunda ya kwanza yakishafunga, lisha mmea mbolea ya maji yenye potasiamu nyingi kila baada ya wiki moja au mbili, kwani kila unapomwagilia, chakula kinatoka na maji kwenye matundu.

Mrehani ukifika jozi tatu au nne za majani, kata kilele juu tu ya jozi ya majani. Kutoka hapo yatatoka matawi mawili, nayo ukiyakata yatakuwa manne. Anayeuonea huruma hubaki na ufito mmoja wenye maua juu. Nanaa usiinunue; omba tawi la sentimita kumi, ondoa majani ya chini, liweke kwenye glasi ya maji yanayobadilishwa kila siku mbili. Mizizi utaiona ndani ya wiki moja au mbili. Ipe chungu chake peke yake, maana inatambaa chini ya udongo na haina adabu ya jirani.

Mboji unaweza kuitengeneza hapo hapo kibarazani. Toboa ndoo ya lita 20 pande zote, weka sehemu mbili za vikavu, yaani majani makavu na karatasi ya boksi iliyochanwa, kwa sehemu moja ya vibichi, yaani maganda na mabaki ya mboga. Nyama, mafuta na maziwa visiingie. Koroga mara moja kwa wiki. Kiganjani, ukiminya, yatoke matone machache tu. Ikinuka uvundo, imelowa na haina hewa: ongeza boksi. Ikinuka kama mkojo, vibichi vimezidi, nayo dawa ni ile ile. Ndoo ndogo haishiki joto kama lundo la mita moja, hivyo ngoja miezi minne hadi sita.

Sasa kazi za mikono. Najua umeshaazimia kuanza na blanketi la krosheti. Liache kwanza. Kazi ya kwanza iwe ya kumalizika kwa kikao kimoja, na iwe na matumizi siku hiyo hiyo: shona daftari la bustani. Chukua karatasi nane za A4, zikunje katikati, zipachike moja ndani ya nyingine. Umepata kurasa 32. Jalada liwe karatasi ngumu ya gramu 200 hadi 250 kwa mita ya mraba. Kabla ya kuikunja, ipinde polepole kwa urefu, kisha kwa upana, bila kuivunja. Upande mmoja utapinda kwa urahisi zaidi. Mkunjo wako ufuate upande huo, kwa sababu nyuzi za karatasi zimelala hivyo. Ukikunja kinyume, mgongo utapasuka na kuota manyoya.

A4 ikikunjwa katikati inakuwa A5, na mgongo wake una urefu wa sentimita 21. Weka alama kwenye mkunjo wa ndani: sentimita 3 kutoka juu, 10.5 katikati, 18 chini. Toboa kwa sindano nene, karatasi zikiwa ndani ya jalada, wazi kama kitabu, na sindano ielekee moja kwa moja kwenye mkunjo. Kata uzi wa kitani wenye urefu wa sentimita 55, uburute mara mbili juu ya nta ya nyuki ili usisokoteke. Ingia tundu la katikati kutoka ndani kwenda nje, ukiacha mkia wa sentimita 8. Nje, panda hadi tundu la juu, rudi ndani. Ndani, ruka katikati ushuke moja kwa moja hadi la chini, toka nje. Panda tena hadi katikati, rudi ndani. Mikia miwili lazima ikae pande mbili za ule uzi mrefu wa ndani; hapo funga fundo mara mbili juu yake. Mikia ikiwa upande mmoja, daftari litalegea.

Mambo mawili huharibika. La kwanza, uzi kuchana tundu, kwa sababu umeuvuta kuelekea kwako. Uvute ukifuata mkunjo. La pili, unaporudi tundu la katikati sindano inauchoma uzi wa mwanzo, na hutaweza kukaza tena. Shikilia mkia pembeni. Ukimaliza, karatasi za ndani zitakuwa zimechomoza mbele kuliko za nje. Ni kawaida. Kata ukingo kwa kisu kikali na rula ya chuma, mapigo mepesi mengi, kisha lala na daftari chini ya vitabu vizito, namaanisha lilaze daftari, wewe lala kitandani.

Krosheti itafuata. Nunua uzi wa unene wa kati wenye rangi ya kung'aa, maana kwenye uzi mweusi hutaona mshono, na sindano ya krosheti ya milimita 5. Fuma kitambaa chenye mishono 20 na uhesabu kila mstari. Kila anayeanza hushangaa kitambaa chake kikigeuka pembetatu: ameruka mshono wa mwisho pembeni kila anapogeuza. Ishirini ikawa kumi na tisa, kumi na tisa ikawa kumi na nane. Tia kibanio kwenye mshono wa kwanza wa kila mstari na ugonjwa huo umekwisha.

Kuhusu vitabu, umesema siku hizi unasinzia ukurasa wa tatu ukafikiri akili imechoka. Angalia taa kwanza. Jicho la miaka 60 linapokea takriban theluthi moja tu ya mwanga uliokuwa ukiingia ulipokuwa na miaka 20. Weka taa ya lumeni 800 (lumeni ni kipimo cha wingi wa mwanga) iliyo karibu, ikitokea nyuma ya bega, na kwa kazi za mikono itokee upande usio wa mkono unaofanya kazi ili kivuli kisikae juu ya sindano. Miwani pimisha, usichukue ya kubahatisha, kwa sababu kitabu unakishika umbali wa sentimita 40 na sindano karibu zaidi. Huenda vikahitaji nguvu tofauti. Pia mpimaji atakagua presha ya jicho, ambayo mara nyingi huharibu bila maumivu yoyote. Kila dakika 20 tazama mbali, mita sita au zaidi, na upepese macho. Tukisoma tunasahau kupepesa, ndipo macho yanapochoma.

Soma viwili kwa wakati mmoja, kizito cha asubuhi na chepesi cha usiku. Kisichokushika, kiache bila kuomba radhi. Hakuna mtihani tena. Ukurasa wa mwisho, ule mtupu, andika kwa penseli namba ya ukurasa na maneno matatu ya kilichokugusa. Vya kusikiliza viache kwa siku za krosheti nyepesi. Ukiwa unahesabu mishono, utapoteza hadithi na hesabu pia.

Kabla hujanunua chochote, fanya hivi Jumapili. Kuanzia saa moja asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, kila saa tazama jua limefika wapi kibarazani na uweke alama ya chaki sakafuni. Nyanya inataka jumla ya saa sita hadi nane za jua la moja kwa moja kwa siku; nanaa inaweza kuridhika na tatu au nne; mrehani sita. Hesabu hiyo niandikie, pamoja na upana wa kibaraza, kisha nitakuambia ndoo ya nyanya ikae kona ipi, au kama tuibadilishe.

Mama yako